Elimu Yetu Ni Deni kwa Dada

Mwezi Februari mwaka 2008, dada yetu mkubwa alipanda lori kutoka Muze, kule katika Bonde la Ziwa Rukwa, akaja Sumbawanga mjini kuuza mchele. Mgongoni alimbeba mwanawe wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minne. Alipokwisha kuuza alinunua chumvi, sabuni na madaftari ya watoto wakubwa, kisha jioni akapita nyumbani kwetu kutujulia hali kabla lori halijaondoka. Mtoto alikuwa ameanza kuharisha tangu asubuhi.

Tulimtazama mtoto kama tulivyofundishwa. Macho hayakuwa yamedidimia, ngozi ilikuwa nzuri, na alinyonya vizuri. Hatari ilikuwa haijafika. Nasi tulikuwa tumekwisha kuvaa sare, maana zamu ya usiku ilikuwa inatungoja. Tukafungua kabati, tukatoa pakiti tatu za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini mtu anapoharisha, tukampa mkononi.

"Dada, changanya na maji yaliyochemshwa yakapoa, umnyweshe mara kwa mara," tulimwambia tukiwa tunafunga mlango. "Maelekezo mengine yameandikwa hapohapo kwenye pakiti."

"Haya, mdogo wangu," akajibu. Akazifunga pakiti zile katika pindo la kanga, akaenda zake.

Mpendwa msomaji, tumeitunza habari hii moyoni kwa miaka mingi. Leo tunaiandika kwa ruhusa ya dada mwenyewe, kwa sababu ndiyo iliyotufundisha jambo tunaloliamini kuhusu elimu kuliko yote tuliyofundishwa chuoni.

Kikombe cha bati

Siku ya tatu alfajiri dada alirudi mjini na mtoto. Usiku kucha alikuwa njiani, akipanda ule ukuta wa Lyamba lya Mfipa unaotenganisha bonde na nyanda za juu. Ilikuwa masika, na barabara ilikuwa tope tupu. Mtoto alikuwa amepatwa na degedege mara mbili. Midomo ilikuwa imekauka, na alipopata fahamu alilia kilio chembamba, akitaka maji.

Kule kijijini majirani walikuwa wamesema mtoto amelogwa, apelekwe kwa mganga. Dada alikataa. Alisema ana mdogo wake muuguzi mjini, na huko ndiko atakakokwenda. Tulipolisikia hilo tulijisikia fahari kidogo. Fahari hiyo haikudumu hata nusu saa.

Daktari wa zamu alimwuliza dada, "Mama, hii dawa ulimchanganyiaje?" Dada akafungua mzigo wake, akatoa kikombe cha bati, kile cha kunywea chai. Akaonyesha kwa mkono: pakiti moja nzima ndani ya kikombe kimoja. Mtoto alipolia kiu aliongezewa dawa ileile. Pakiti zote tatu zilikuwa zimekwisha.

Wanaofahamu wataona mara moja kilichotokea. Pakiti zile zilikuwa za kuchanganywa na lita moja ya maji. Katika kikombe kile, chumvi ilizidi kiasi kinachotakiwa zaidi ya mara tatu. Chumvi ikizidi hivyo, hunyonya maji kutoka katika chembechembe za mwili, hata za ubongo, na ndipo mtoto hupata kiu isiyokatika, hulegea na kushikwa na degedege. Ile dawa ambayo imeokoa watoto wasiohesabika duniani ilikuwa karibu imwue wetu.

Daktari alituelekeza tumrudishie maji polepole, kwa kuwa kuyarudisha kwa haraka nako huleta hatari ya ubongo kuvimba. Tulikaa naye siku tatu. Siku ya nne asubuhi alifungua macho, akamtazama mama yake, akaomba uji. Dada aliinamisha uso kwenye kanga akalia bila sauti.

Baadaye, tukiwa tumekaa uani sisi wawili, tulimwuliza kwa nini hakusoma maelekezo. Swali lile tunalionea aibu mpaka leo. Dada alitutazama kwa muda, kisha akasema: "Mdogo wangu, umesahau kwamba mimi sijui kusoma? Ulikuwa na haraka, nikaona haya kukuambia. Ungenionyesha mara moja tu, ningejua."

Nani aliyelipa ada

Ili msomaji aelewe uzito wa maneno hayo, inabidi turudi nyuma.

Mama yetu hakuwahi kwenda shule ya msingi. Alijifunza kusoma akiwa ameolewa, miaka ya 1970, wakati nchi nzima ilipoingia katika elimu ya watu wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Vikundi vya wanakijiji vilikusanyika kuzunguka redio, vikasikiliza somo, vikasoma kijitabu pamoja, kisha watu wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Takribani watu milioni 2 walishiriki katika kampeni hiyo. Mama alikuwa mmoja wao. Alisoma kwa kufuatisha mstari kwa kidole, na hivyo ndivyo alivyosoma kitabu chake cha sala hadi mwisho wa maisha yake.

Kwa hiyo mama aliijua thamani ya kusoma. Hata hivyo mwaka 1984 baba alifariki, akamwacha na watoto wanne, wa mwisho akiwa bado ananyonya. Wakati huohuo mama aliugua kifua kwa miezi mingi. Nani angelima yale matuta ya mviringo ambayo sisi Wafipa hufukia nyasi ndani yake ili ziwe mbolea? Nani angepalilia ulezi, achote maji na kubeba mtoto? Dada yetu alikuwa darasa la tatu. Mama alimtoa shule. Tunakumbuka kwamba siku ile mama hakula.

Dada hakurudi tena darasani. Kidogo alichokuwa amejifunza kilipotea, maana anayejifunza herufi kisha akakaa miaka bila kitabu wala gazeti huzisahau kama mtu anavyosahau lugha asiyoisema. Sisi tuliomfuata tuliingia shule wakati wetu ulipofika, mmoja baada ya mwingine. Yeye aliolewa bondeni akiwa na miaka kumi na minane.

Mwaka 1994 tulipochaguliwa kuingia sekondari, nyumbani hapakuwa na fedha ya ada, wala sanduku, wala shuka. Siku hizo serikali ilikuwa imekwisha kurudisha uchangiaji, na wazazi wengi walikuwa wakiuza mifugo ili mtoto mmoja asome. Dada alileta madebe mawili ya mchele kutoka bondeni, akauza, akatununulia sanduku la bati na kufuli lake. Kila muhula kwa miaka minne alipandisha mchele. Tulipoingia chuo cha uuguzi alipandisha tena.

Huyo ndiye mtu tuliyempa pakiti tatu na kumwambia asome.

Njaa kijijini

Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano aliopenda kuutoa kwa wasomi. Aliwafananisha na mtu wa kijiji kilichopatwa na njaa, ambaye wenzake wamempa akiba yote ya chakula iliyobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea msaada. Mtu huyo akila chakula kile halafu asirudi, amewasaliti wenzake.

Tuliusikia mfano huo tukiwa shule, na tulidhani unawahusu mawaziri na madaktari wakubwa. Haukutujia akilini kwamba kijiji kile ni nyumbani kwa mama yetu, na kwamba chakula kile ni mchele wa dada. Tulikuwa tumerudi, ndiyo; tulifanya kazi Sumbawanga hapahapa, tukivaa sare nyeupe na watu wakituita sista. Lakini mtu anaweza kurudi kijijini na mzigo wake ukabaki umefungwa.

Hapa kwetu hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa mtu aliyelipa deni la aina hiyo. Hospitali ya Dk. Atiman hapa Sumbawanga imepewa jina la Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi karibu na Mto Niger, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani. Wamisionari wa Afrika, wale waliojulikana kama White Fathers, walimkomboa huko Algeria, na baadaye wakampeleka Malta kusomea uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Alikuwa tabibu na mwalimu wa dini, akakaa na watu wa huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni zaidi ya miaka 60. Mtu aliyenunuliwa kwa fedha ya wengine alitumia maisha yake yote kuwalipa watu ambao hawakuwa ndugu zake wa damu.

Tumepita mbele ya jina lile mara nyingi sana. Baada ya mwaka 2008 ndipo tulipoanza kulitafakari.

Tunachokiamini

Tunaamini kwamba elimu ni deni. Kila aliyesoma kuna mtu aliyekosa kitu ili yeye asome. Pengine ni mama aliyeuza kitenge chake, pengine ni kaka aliyebaki kuchunga ng'ombe, pengine ni wakulima wote waliolipa kodi. Deni hilo halilipwi kwa kumjengea dada nyumba ya bati peke yake, ingawa hilo nalo ni jema. Hulipwa pale ujuzi wetu unapoingia nyumbani kwake na kukaa mikononi mwake, autumie sisi tusipokuwapo.

Tunaamini pia kwamba asiyejua kusoma hana sababu ya kuona aibu. Aibu ni yetu tunaojua, tunapoongea kwa haraka mpaka mtu mzima aogope kusema "sijui." Wauguzi wenzetu watakubali kwamba neno "ndiyo" la mama aliye kliniki mara nyingi ni la heshima tu. Maana yake ni, "Nimekusikia, sista, usinikasirikie."

Katika Matendo ya Mitume sura ya 8 kuna habari ya yule mtu mkubwa wa Kushi aliyekuwa akisafiri garini huku akisoma kitabu cha nabii Isaya. Yeye kusoma alijua. Filipo alimwuliza kama anaelewa, naye akakiri kwamba hawezi kuelewa bila mtu wa kumwongoza. Filipo hakumcheka, wala hakusimama chini akamhubiria kwa mbali. Alipanda garini, akaketi naye. Tukiulizwa ualimu ni nini, tutataja kuketi huko.

Alhamisi alasiri

Baada ya mtoto kupona tulifanya mambo mawili.

La kwanza lilikuwa kazini. Tuliacha kumwuliza mama, "Umeelewa?" Badala yake tunamweleza, tunamwonyesha kwa mikono, kisha tunamwomba yeye atuonyeshe jinsi atakavyofanya akifika nyumbani. Tunaweka mezani kikombe, kijiko na chupa ya lita moja. Mama akikosea tunacheka pamoja na kuanza upya. Kazi hii huchukua dakika tano, na zamu ikiwa na watu wengi dakika tano ni nyingi. Lakini tumezilinganisha na zile siku nne za wodini, tukaona ni chache.

La pili lilikuwa kanisani. Mwaka 2009 tulianzisha darasa la kusoma kwa akina mama, kila Alhamisi alasiri baada ya sala. Walikuja saba. Watatu walikaa nyuma kabisa wakijifunika kanga, wasije wakaonekana na wakwe zao. Hatukuwa na vitabu vya kutosha, kwa hiyo tulisoma kilichokuwapo: kadi ya kliniki, pakiti ya dawa, gunia la mbolea, risiti ya mizani ya mahindi. Kuhesabu tulijifunza kwa maharage. Mama mmoja alipoweza kusoma mizani aligundua kwamba kwa miaka mingi mnunuzi alikuwa akimpunja kilo kadhaa katika kila gunia. Juma lililofuata alileta jirani zake wanne.

Dada yetu hakuwa katika darasa lile, maana alikuwa bondeni. Tulipomshauri atafute mwalimu huko alikataa. "Nikakae na watoto? Nimekwisha kuzeeka," alisema. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na mitano. Tulimkumbusha kwamba mama naye alijifunza akiwa mke wa mtu. Akanyamaza. Baadaye tulisikia kwamba kigangoni kwao mwalimu mmoja mstaafu anafundisha watu wazima, na kwamba dada amenunua daftari.

Mwaka 2014 simu yetu ililia tukiwa jikoni. Ulikuwa ujumbe wa maandishi, herufi zote zimeshikana bila nafasi: mdogowangutumevunamtotomzimadada. Tuliusoma mara nyingi. Hatukuufuta mpaka simu ile ilipoharibika.

Mlango haujafungwa

Msomaji anaweza kusema hayo ni mambo ya zamani, siku hizi watoto wote wanasoma. Ni kweli kwamba hatua zimepigwa. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2002, ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Yule mtoto wa degedege ni mmoja wa walionufaika. Leo ni kijana mrefu kuliko mama yake, na amemaliza kidato cha nne.

Lakini tusidanganyike. Mwaka 1970 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kampeni ziliwapunguza hadi chini ya mmoja kati ya kumi ilipofika mwaka 1986. Madarasa yalipolegea ujinga ukarudi. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta karibu watatu kati ya kila kumi hawajui. Kusoma ni kama moto wa kuni, ukiacha kuuchochea unazimika. Tena hapa kwetu wako bado wasichana wanaotolewa shule kwa sababu zilezile za dada: mama anaumwa, mtoto mdogo hana wa kumbeba, mavuno yamekuwa haba. Wengine hupata mimba.

Kwa hao tuna habari njema ambayo wazazi wengi hawajaisikia vizuri. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo waliopata ujauzito, kurudi katika shule za kawaida. Kwa watoto walioikosa shule ya msingi upo mpango wa MEMKWA. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ina madarasa ya wasichana waliokatiza sekondari. Mzazi asiyejua pa kuanzia amwone Afisa Elimu Kata wake. Na mama asiyejua barua ya maombi huandikwaje aje kwetu Alhamisi, au amwendee yeyote kanisani kwake ajuaye kuandika.

Akina mama wenzetu mliosoma, tunawaomba jambo moja dogo. Juma hili mtazameni mtu mmoja aliyekaa nyuma ili ninyi mwende mbele. Msimpe karatasi. Ketini naye, mwonyesheni, kisha mwacheni naye awaonyeshe. Na mkimpa pakiti ya ORS, itazameni kwanza pakiti yenyewe, maana zipo za lita moja na zipo za nusu lita. Mpimieni maji hayo katika chombo chake mwenyewe, kile anachokitumia nyumbani.

Kikombe kile cha bati tuko nacho. Dada alituachia siku alipotoka wodini na mtoto wake. Alisema tukae nacho sisi, kwani yeye amekwisha kujua kipimo. Tunakitumia darasani Alhamisi. Tunakijaza maji na kuyamimina katika chupa ya lita, tunakijaza tena na kumimina, na akina mama wanahesabu kwa sauti mpaka chupa ijae.